Dadu Nyuma ya Kadibodi

Kaka alitegemea kukuta fuvu mezani. Alichokuta ni sahani ya biskuti, birika la chai, na watu wazima wanaobishana kuhusu kamba.

"Kamba ni yangu," Nesi alikuwa akisema. Alikuwa bado na sare ya kazini, ametoka wodini moja kwa moja. "Niliinunua kule kijijini kabla hatujaingia kwenye jumba. Atakayeteremka nayo namchagua mimi."

"Ulikufa," Fundi Cherehani alimkumbusha. "Mtu akifa, na kamba yake imekwenda."

"Kamba haifi, mama."

Kaka akamgeukia mdogo wake, Meno, nyusi zimepanda. Meno alimsoma barabara: haya ndiyo yanayomnyima mama usingizi?

Ndiyo hayo. Jirani alikuwa amemnong'oneza mama yao kwamba kila Jumamosi alasiri binti yake hujifungia nyuma ya duka la ushonaji, mapazia yamevutwa, na kuita wafu. Jirani hakudanganya sana. Mapazia yalivutwa kweli, na wafu waliitwa, ila waliitwa kwa dadu na penseli. Ulikuwa mchezo wa mezani wa hadithi za kutisha: mmoja anasimulia, wengine wanaishi ndani ya masimulizi yake, na wakikosea wanafia humo humo.

Meno ni jina alilopewa mezani, kwa sababu ya kazi. Alikuwa fundi wa meno bandia katika maabara ndogo ya mjini, na siku nzima alishinda akichonga nta na kumimina plasta kwenye taya za watu asiowajua. Nyumbani waliendelea kumwita Kitinda, kwa kuwa alizaliwa wa mwisho na hakuna aliyeona sababu ya kusahau jambo hilo. Alikuwa mtoto wa kifua kibaya. Kifua kilishapona zamani, lakini mpaka leo akikohoa tu, nyumba nzima inakaa kikao.

Huenda mama angeyaacha maneno ya jirani yapite. Lakini wiki hiyo hiyo Mkalimani, msimulizi wa mchezo ule, alimtuma shangazi yake kupiga hodi na ujumbe: kijana wake anauliza, wazee wake wakija kwa ajili ya Kitinda, watapokewa? Mama akauliza hao wawili wamejuania wapi. Shangazi wa watu, mkweli kupita kiasi, akasema ni kwenye ule mchezo wa mashetani.

Mama hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema kaka aende akaone kwa macho yake. Akirudi na habari nzuri, wazee waje. Akirudi na habari mbaya, Mkalimani aisahau nyumba yao na Kitinda aisahau meza yake. Kwa hiyo Meno aliingia chumbani mle roho mkononi, kwa sababu alimpenda yule bwana, na alimpenda vibaya.

Bwana mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, shati limepigwa pasi kuliko siku zote. Kazi yake ilikuwa ukalimani wa mahakamani. Kutwa nzima alisema "mimi niliiba" na "mimi sikumgusa" kwa niaba ya watu wengine, na sifa yake mahakamani ilikuwa moja: haongezi, hapunguzi.

"Karibu sana, kaka," alisema, akampa mkono.

"Asante. Nitakaa wapi?"

Hapo ndipo heshima ilipowaponza. Chumbani mlikuwa na kiti kimoja tu chenye mgongo, na kiti hicho kilikuwa upande wa msimulizi, karibu kabisa na kiwiko chake. Wachezaji hawakukaa upande huo hata siku moja. Fundi Cherehani, ambaye chumba kilikuwa chake, hakutaka mgeni wa heshima akalie kigoda. Akakivuta kile kiti, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge chake, akamkaribisha. Mkalimani alifungua kinywa, kisha akakifunga. Utamwambiaje shemeji mtarajiwa akakae mbali?

Pembeni yao, kwenye vivuli, yalisimama makoti ya suti ambayo hayajamalizwa, kila moja limevikwa kwenye kiwiliwili cha mbao kisicho na kichwa. Kaka alikadiria umbali wake nayo, akakaa.

"Sasa nieleze," alisema. Alikuwa mwalimu wa udereva, na aliuliza maswali kwa namna ya mtu ambaye ana fomu ya mtihani mkononi. "Mchezo wenyewe unakwendaje?"

"Kila mmoja ana mtu wake," Mkalimani alisema. "Mimi nasimulia dunia. Wao wanaamua watu wao wafanye nini. Pale ambapo hakuna mwenye hakika, dadu inaamua."

"Na wewe unashindaje?"

"Mimi sishindi."

"Kwa hiyo unafaidika na nini hapa?" Kaka aliuliza, akamtazama mdogo wake kwa muda.

Nesi akatafuna biskuti kwa sauti. Meno akajitia hamnazo, akaanza kupanga visanamu mezani.

"Na hiki nacho?" Kaka alinyooshea kidole kadibodi iliyokunjwa mara tatu na kusimamishwa mbele ya msimulizi mfano wa ukuta. "Mbona umejificha?"

"Adui naye ana dadu zake. Wakiziona, watamjua nguvu zake, na hofu itakwisha."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Jibu lilionekana kumridhisha kiasi. Meno akavuta pumzi, na macho yake yakakutana na ya Mkalimani juu ya kadibodi. Yule bwana alikuwa na namna ya kumtazama ambayo haikuwa na haraka. Alimtazama hivyo tangu siku ya kwanza, na Meno alikuwa amemaliza Jumamosi nyingi akirudi nyumbani na mtazamo huo kifuani, akiufungua na kuufunga peke yake chumbani. Siku aliyosikia habari ya wazee, aliharibu taya nzima ya mteja kwa furaha. Meno ya juu aliyapanga chini.

Fundi Cherehani akavuta pazia. Mkalimani akashusha sauti.

"Mko ndani ya jumba, kwenye ujia wa ghorofa ya juu," alisema. "Nje ukungu umeziba madirisha. Mwenye jumba ni yule yule, Bwana Asiyezikika. Watu wa kijiji chake walimzika mara tatu, na mara zote tatu walimkuta asubuhi amekaa sebuleni, kucha zimejaa udongo, anauliza chai iko wapi."

Kaka alikuwa amechovya biskuti. Biskuti ikalainika, ikakatika, ikazama kikombeni. Hakuiona.

"Mbele yenu kuna mlango mmoja. Nyuma ya mlango kuna mtu anaita. Anamwita Mshika Taa."

Mshika Taa alikuwa mtu wa Meno. Alimchonga mwenyewe kwa plasta iliyobaki kazini, kwa vile vile vifaa vya kunyooshea magego, na taa yake ndogo aliitengeneza kwa nta ya waridi, ile ya fizi. Alikuwa ndiye pekee mezani ambaye hakuwahi kufa. Nesi alishakufa mara mbili. Fundi Cherehani alizama kisimani akiwa amebeba shoka. Mshika Taa alivuka daraja linalokatika, akatoka kwenye kisima hicho hicho, akapita katikati ya mbwa wasio na ngozi, na kila mara adui alimkosa kwa unywele. Wenzake walimwita ngozi ya chuma. Meno alicheka walipomwita hivyo, lakini alitembea nalo jina hilo. Jumatatu moja, baada ya daraja, alimwambia bosi wake kwamba taya yenye ufa haitoki maabara ile hata mteja akisimama mlangoni. Kabla ya daraja asingethubutu.

"Anaita kwa sauti ya nani?" aliuliza.

"Ya mama yake."

"Mama yangu yuko nyumbani," kaka alisema.

"Mama yake Mshika Taa, kaka."

"Hata kama."

"Nafungua," Meno alisema.

"Usifungue."

Wote wakamgeukia kaka. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, na mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga sakafu kwa nguvu.

"Kaka, wewe ni mgeni hapa," Meno alisema.

"Mgeni hana akili? Mlango unaita kwa sauti ya mama, mtu mwenyewe ni maiti, halafu unafungua. Kitinda, usifungue."

"Nafungua," Meno alirudia, akakisogeza kisanamu chake mpaka kizingitini.

Mkalimani hakucheka. Alieleza namna kitasa kilivyokuwa na ubaridi, na namna chumba kilivyokuwa kitupu isipokuwa kiti kimoja kilichogeuziwa ukuta. Akasema kiti kinageuka. Kisha akatupa dadu ya pande ishirini nyuma ya kadibodi. Ikagonga meza, ikazunguka, ikatulia.

Aliitazama.

"Nne," alisema. "Mkono wake unapita juu ya bega la Mshika Taa, kucha zinakwaruza ukuta. Amekukosa."

Nesi akapiga meza kwa furaha. Meno akatabasamu.

"Nne ipi?" Kaka aliuliza.

Mkalimani akashusha kiganja juu ya dadu, lakini kaka alikuwa mtu aliyelipwa kusoma vibao vya barabarani kabla mwanafunzi hajavifikia.

"Hiyo si nne. Nimeiona. Ni kumi na tisa."

Nje, pikipiki ilipita ikaishia mbali.

"Kumi na tisa ni nzuri au mbaya?" Kaka aliendelea kwa nia njema kabisa.

"Mbaya," Fundi Cherehani alisema polepole. "Kwa maiti yule, mbaya sana. Kumi na tisa ndiyo iliyoniua mimi kisimani."

"Toa mkono, Mkalimani," Nesi alisema.

Mkalimani akatoa mkono. Nesi akanyanyuka, akachungulia juu ya kadibodi, akarudi kukaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba mwenzake wa zamu hulala usiku kucha.

"Mimi nimekufa mara mbili," alisema. "Mara mbili. Nilimlilia mtu wangu hapa hapa, mkanipa kitambaa cha bitana nijifute. Na wewe ulikuwa unaweza kusema nne?"

"Kwako sikusema."

"Najua hukusema. Nilikufa."

Meno hakuwa amesogea. Alikuwa akirudi nyuma kichwani mwake, Jumamosi moja baada ya nyingine, na kila alipofika alikuta mtu ametangulia kumpangia. Mbwa. Kisima.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Meno, twende tukaongee nje."

"Tangu lini?"

Mkalimani alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, ndiye aliyekwepesha macho.

"Tangu darajani," alisema.

Kaka alikuwa akiunganisha mambo taratibu. "Ngoja kwanza nielewe. Huyu bwana alikuwa anaiona hatari inakuja, anaizuia, na Kitinda hajui kitu?"

"Ndiyo," Nesi alisema kwa uchungu.

Kaka akajiegemeza kwenye kiti chake chenye mgongo. Akachukua biskuti mpya, akaila kwa raha.

"Mbona ni mtu mzuri?" alisema.

Meno akasimama, akatoka.

Sehemu ya mbele ya duka ilikuwa imefungwa kwa siku ile. Mwanga uliingia kwa juu ya mlango tu, ukaangukia cherehani mbili zilizofunikwa, pamoja na marobota ya kitambaa kando ya ukuta. Meno alisimama karibu na meza ya kukatia. Alimsikia Mkalimani akija nyuma yake, akamwacha afike.

"Umekasirika," Mkalimani alisema.

"Una macho."

"Naomba nieleze."

"Eleza. Ndiyo kazi yako, si ndiyo? Mahakamani huongezi, hupunguzi. Mwizi akisema neno la kujifunga unalisema kama lilivyo, hata ukimhurumia. Kwangu mimi tu ndiyo unatafsiri unavyotaka."

"Pale mahakamani simpendi mtu yeyote."

Hilo lilimpata Meno. Alikuwa amelisubiri neno hilo kwa muda mrefu, na sasa limekuja siku ambayo hakuwa na mahali pa kuliweka. Akashika ukingo wa meza.

"Darajani ilitoka ishirini," Mkalimani alisema. Alikuwa akiongea chini chini, haraka. "Ulikuwa mgeni, ulikuwa umekuja mara mbili tatu tu. Kabla yako alikuwepo dereva mmoja, mtu wake akafa, hakurudi tena. Nikakuangalia. Ulikuwa umekishika kile kisanamu kwa mikono miwili, unacheka. Nikawaza, nikisoma ishirini, huyu naye Jumamosi haji. Nikasema mbili."

"Na kisimani?"

"Kisimani nilishakupenda. Ningefanyaje?"

"Ungesoma namba."

"Ufe?"

"Ni plasta, Mkalimani. Ningechonga mwingine." Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko alivyotaka. "Gari la kaka lina breki mbili. Moja ya mwanafunzi, nyingine ya kwake. Mimi nimekulia ndani ya gari lile. Natoka, napelekwa, narudishwa, nikiongeza mwendo mtu ananikanyagia. Nikaja hapa, nikasema afadhali hapa naendesha mwenyewe, nikianguka nimeanguka. Nilikuwa najisifu. Unajua nilikuwa najisifu? Kumbe nawe mguu wako ulikuwa kwenye breki siku zote."

Mkalimani alinyoosha mkono, ukasimama njiani.

"Nilitaka usiumie."

"Mama naye anataka nisiumie. Kaka naye. Nina watu wa kutosha wa kazi hiyo. Na hata hili la wazee. Ulimtuma shangazi yako kwa mama. Mama akamtuma kaka. Kaka yuko huko ndani anakula biskuti, anaamua. Mimi uliniuliza lini?"

Mkalimani aligeuka kutazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Nilidhani unajua," alisema. "Nilidhani ukinitazama vile, umeshanijibu."

"Nilikutazama. Nilifurahi mpaka nikaharibu taya ya mtu. Lakini ulikuwa umeshajisomea jibu mwenyewe, kama unavyosoma dadu."

Alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya pasi kwenye shati lake. Alitamani kuegemeza paji la uso kwenye lile shati na yaishe. Alijua angeweza, na kwamba angepokewa vizuri. Ndiyo maana akarudi nyuma hatua.

"Twende ndani," alisema. "Usome kumi na tisa."

"Meno."

"Kama ilivyo. Bila kuongeza."

Walirudi ndani. Fundi Cherehani alikuwa akimmiminia kaka chai nyingine, akaliweka birika chini. Dadu ilikuwa pale pale, hakuna aliyeigusa. Mkalimani akakaa. Alichukua ile kadibodi, akaikunja, akailaza sakafuni, na kwa mara ya kwanza wote wakaiona meza yake: penseli fupi, dadu nne, na mikono yake.

"Kumi na tisa," alisema.

Kisha akaanza, kwa ile sauti yake ya mahakamani, isiyoegemea upande wowote.

"Mkono umefika. Haukuteleza, haukuchelewa. Bwana Asiyezikika amemshika Mshika Taa shingoni kwa upole, kama mtu anayeshika kikombe cha bei. Taa imeanguka, mafuta yanasambaa sakafuni lakini hayawaki. Wenzake wanakimbia kwenye ujia, wanausikia mlango ukijifunga. Hawatafika kwa wakati. Yule maiti anaendelea kumwita kwa sauti ya mama yake, anamwambia alale, amechoka. Mshika Taa anajua si mama yake. Anakufa akijua."

Midomo ya Mkalimani ilikuwa imekauka, na macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikumsaliti.

"Amekufa," alimalizia.

Meno akanyoosha mkono, akamlaza Mshika Taa ubavu. Uchungu ulimjia, uchungu wa kweli, kwa ajili ya kipande cha plasta kisichofika kidole. Ukamshangaza. Ulikuwa uchungu wake mwenyewe, hakuna aliyekuwa ameupunguza njiani, na akaona anaweza kuubeba.

"Kitambaa," Nesi alisema, akimpa kile kile cha bitana.

"Asante."

"Umemwacha afe?" Kaka alimuuliza Mkalimani. Alionekana ameumia yeye zaidi. "Si ulikuwa na namna?"

"Ndivyo ilivyosoma, kaka."

Meno akachukua mkoba wake. Mkalimani akasimama.

"Utakuja Jumamosi?"

Meno alilitafakari swali, kwa sababu lilikuwa swali la kwanza alilomuuliza bila kujua jibu.

"Sijui," alisema.

Uso wa Mkalimani ukabadilika, na Meno akauona ukibadilika. Alisubiri aone kama ataongeza neno, kama atambembeleza, kama atatafuta njia ya pembeni. Mkalimani alibaki amesimama, mikono chini, lile "sijui" limemkaa usoni.

"Sawa," alisema.

Garini, kaka aliendesha kimya mpaka walipovuka mzunguko wa pili.

"Mwanzoni alinifurahisha sana," alisema. "Mwishoni ameharibu."

"Mimi mwishoni ndipo aliponifurahisha."

"Wewe umepandwa na nini leo?" Lakini hakusubiri jibu, alikuwa akimtazama mwendesha baiskeli.

Mama alikuwa sebuleni amevaa miwani, mbele yake televisheni imezimwa sauti. Alimwangalia kaka tu.

"Hakuna fuvu," kaka alisema, akijibwaga kwenye kochi. "Hakuna damu. Kuna fundi wa nguo, kuna nesi mmoja anayelialia, wanakunywa chai. Wanasimuliana uongo."

"Na yeye?"

"Yeye ana adabu. Ana kazi. Na anamjali Kitinda, mama, hilo nimeliona kwa macho yangu. Alikuwa akimkinga na mambo mabaya muda wote, na wala hajisifu. Ana kaugonjwa kadogo ka ukweli, kamejitokeza mwishoni, lakini ndoa itamponya."

Mama alivua miwani. Meno alimwona akilegea mabega, akiwa ameutua mzigo aliokuwa ameubeba wiki nzima. Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu zuri, la mama anayempa mtoto kitu alichokililia.

"Basi nitampigia shangazi yake," alisema. "Wazee waje."

"Wasije," Meno alisema.

Kaka akainua kichwa kutoka kwenye kochi. Mama alikaa na miwani mkononi.

"Si ndiye uliyekuwa unamtaka?"

"Ndiye."

"Amekukosea?"

"Amenikosea, ndiyo. Si kwa ubaya."

"Sasa mwanangu, unamkataa au humkatai? Niambie kitu kimoja nikielewe."

Meno alikaa kwenye mkono wa kochi. Aliongea bila haraka.

"Nampenda, mama. Ila sijamkubali. Hajaniuliza. Mmeulizana nyinyi, mmejibiana nyinyi, na leo mmekubaliana vizuri kabisa. Nataka aje aniulize mimi, tena aje akijua naweza kusema hapana."

"Na ukisema hapana?" mama aliuliza.

"Nitakuwa nimesema."

"Utaumia."

"Nitaumia."

Kaka alivuta pumzi ya kusema, na mama akamwinulia mkono bila kumtazama. Alimwangalia binti yake kwa muda, kama aliyeletewa mgeni mwenye sura anayoifahamu. Kisha akachukua simu iliyokuwa pajani mwake, tayari imefunguliwa kwenye jina la yule shangazi. Akaifunga. Akanyanyuka, akasema anakwenda kuangalia jiko, akamwita na kaka akamsaidie, na kaka akauliza amsaidie nini, akaambiwa anyanyuke tu.

Meno alibaki sebuleni peke yake. Alitoa simu yake mkobani, akalitafuta jina la Mkalimani, akabonyeza, akasikiliza ikiita.